Jinsia ya Nomino si Jinsia ya Kiumbe: Ufafanuzi kuhusu Neno "Genus"

Kitengo chetu cha istilahi kimeendelea kupokea malalamiko kwamba kamusi zinapingana, kwa kuwa jua ni la kike katika Kijerumani na ni la kiume katika Kifaransa. Kamusi zote mbili ziko sahihi. Kinachokosewa ni kudhani kwamba jinsia ya kisarufi, yaani kundi ambamo lugha huiweka nomino, hueleza maumbile ya kitu, dhana ambayo tumeisahihisha mara nyingi na ambayo haina msingi.

Katika lugha kama Kifaransa, istilahi ya jinsia hiyo imetokana na neno la Kilatini "genus", yaani aina, ukoo au kizazi, ambalo wanasarufi wa Roma walilitumia kufasiri neno la Kigiriki "genos". Aristotle anaeleza kwamba Protagoras, mwanafalsafa wa karne ya 5 KK, aligawa nomino katika za kiume, za kike na za vitu. Kundi la tatu Warumi waliliita "neutrum", maana yake si hili wala lile, na ndimo Kijerumani kinamomweka msichana, "Mädchen", kwa sababu tu kiambishi cha udogo "-chen" hulazimisha hivyo.

Katika Kifaransa "genus" limezaa "genre", ambalo pia ni utanzu wa fasihi. Katika Kihispania "género" ni hata kitambaa. Wanabiolojia wana jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana. Kiswahili nacho kimo katika ukoo huu, kwani jinsi na jinsia yametokana na "jins" la Kiarabu, ambalo asili yake ni "genos" lilelile. Anayesema "jinsi ya kuandika" anatumia maana kongwe ya namna, wala hazungumzii uke au uume. Kwa mgawanyo wa nomino zetu tunasema ngeli, na mti, mkono na mkate hukaa pamoja bila mtu kuuliza vina undugu gani.

Wafasiri wazingatie kwamba andiko linaloita ngeli jinsia, au jinsia ngeli, hurudishwa likiwa na alama pembeni. Husahihishwa, hupitiwa na mhariri wa pili ambaye hakulisoma awali, kisha huambatishwa orodha ya istilahi yenye saini za wote wawili, na bila orodha hiyo halipigwi muhuri. Likirudishwa mara ya pili kwa kosa lilelile, maombi ya muhuri hufungwa, na mwombaji hulazimika kuanza upya kwa kulipa ada nyingine.