Mtepe ni chombo gani?

Kabla sehemu ya Beit al-Ajaib, mjini Unguja, haijaporomoka tarehe 25 Desemba 2020, aliyeingia kwenye makumbusho yale alikutana na chombo cha mbao kikubwa kweli, kimesimama katikati ya ukumbi. Wageni wengi walikiita jahazi. Kile kilikuwa mtepe, na kinachoutenga mtepe na jahazi ni namna mbao zake zinavyoshikana, hata kama vyote viwili ni vyombo vya mizigo.

Jahazi hupigiliwa misumari, mtepe hushonwa. Fundi hutoboa matundu kwenye kingo za mbao, hupitisha kamba za makumbi ya nazi, hukaza, halafu huziba matundu kwa vijiti. Chuma hakiingii kabisa. Wakati mwingine mbao zilishikizwa pia kwa vigingi vya mti, lakini kazi kubwa ni ya kamba.

Ziko hadithi za kale za mlima wa sumaku baharini unaong'oa misumari ya vyombo vinavyopita karibu, na watu waliamini ndiyo sababu ya kushona. Ni uongo mtamu. Sababu iko ufukweni: chombo kilichoshonwa hunyumbuka. Kikipwelewa kwenye mchanga au kikipigwa na mawimbi, mbao hucheza kidogo badala ya kupasuka. Kamba ikichakaa, inang'olewa na kushonwa upya, na minazi iko hapo hapo. Ubaya wake ni maji. Mtepe ulivuja, kwa hiyo baharia hakuwa mbali na upo wa kukumbia.

Tanga nalo lilikuwa la peke yake. Vyombo vingine vya pwani yetu vina tanga la pembe tatu. La mtepe lilikuwa mkeka wa pembe nne uliosukwa kwa majani. Tanga kama hilo halipendi kwenda joshini, yaani upande upepo unakotoka, kwa hiyo safari zilifuata msimu: kaskazi kuteremka kusini, kusi kurudi. Omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ilinyanyuka kama shingo ya ngamia, na ubavuni palichorwa macho. Wajenzi na mabaharia wake waliojulikana zaidi ni wa visiwa vya Lamu, Wabajuni wakiwemo.

Kushona vyombo ni jambo la kale sana huku. Mwongozo wa Kigiriki wa karne ya 1 kuhusu bahari hii unataja bandari ya Rhapta, na unasema jina hilo limetokana na vyombo vyake vya kushonwa. Mtepe wenyewe ulidumu hadi karne ya 20, ukashindwa na vyombo vya misumari, ukatoweka.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitambui kuhusu ule wa Beit al-Ajaib. Si mzee aliyestaafu baharini. Uliundwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kufuata mifano midogo na maelezo ya waliouona zamani, ukapewa jina la Shungwaya, nchi ya asili inayotajwa katika masimulizi ya Wabajuni na Wamijikenda. Kwa hiyo ni nakala, na mimi sioni aibu katika neno hilo: mafundi walilazimika kujifunza tena kwa mikono yao namna ya kushona mbao zikakaza.

Mzigo wa mitepe uliosifika zaidi ni boriti za mikoko. Ukilala katika nyumba kongwe ya mawe Lamu au Unguja, tazama dari. Vyumba vingi ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake hauwezi kuzidi urefu wa boriti moja.