Kipande cha mizani nane na namba 13

Ninafundisha hisabati na ninatunga tenzi, na kila nikisikia arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, ikiitwa pingu ya mshairi hushika kalamu nikahesabu.

Hesabu yenyewe ina asili Bara Hindi. Katika ushairi wa Kisanskriti silabi fupi huhesabiwa pigo moja, ndefu mapigo mawili. Wanazuoni wakauliza: mapigo manane yanajazwa kwa mipangilio mingapi? Karibu mwaka 1150 mwanazuoni Hemachandra aliandika kanuni: jumlisha majibu mawili yaliyotangulia. Ndipo hupatikana 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34. Leonardo wa Pisa, yule Fibonacci wa hesabu ya sungura, aliandika kitabu chake mwaka 1202. Watu wa ushairi walikwisha kumtangulia.

Kiswahili hakipimi urefu wa silabi. Kila moja ni mizani moja. Lakini tazama maneno yanapokatika ndani ya mizani nane, urefu wa kipande cha utenzi. “Bahari imetulia” ni 3 na 5. “Leo mvuvi halali” ni 2, 3 na 3. “Mama, baba, kaka, dada” ni 2 mara nne. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo ukihamisha mkato umehamisha mdundo.

Tuchukulie kila neno lina angalau silabi mbili. (Vijineno kama “na” na “ya” huegemea neno jirani, nami huvihesabu pamoja nalo.) Neno la mwisho likiwa na mizani mbili kamili, liondoe: zimebaki sita za kupanga. Likiwa na zaidi, lipunguze mizani moja: umebaki na kipande cha saba. Basi mipangilio ya nane ni ya saba kujumlisha ya sita, kanuni ileile ya Hemachandra! Ukianzia mizani mbili unapata 1, 1, 2, 3, 5, 8, na kwa mizani nane, 13.

Shairi linanifurahisha zaidi. Mshororo wake wa mizani 16, ukiwa hauna kituo (pumziko) cha katikati, una mipangilio 610. Kina cha kati kinadai neno liishie kwenye mizani ya nane, kwa hiyo ukwapi (nusu ya kwanza) una 13, utao (nusu ya pili) una 13, na 13 mara 13 ni 169. Mipangilio iliyoachwa ni 441, ile ambayo neno moja linavuka katikati. Likate neno hilo pale katikati, kila upande uuongezee mizani moja: sasa una vipande viwili vya mizani tisa, na tisa ina mipangilio 21. Mara 21 tena, 441.

Ubeti wa mishororo minne, kila mmoja ukiwa na 169, una midundo 815,730,721 ya kuchagua. Hapo nafasi za vina na za kituo zimetimizwa zote, na mtunzi hajateua neno hata moja.