Mkataba wa milioni 67.5 si milioni 67.5 benki

Kuanzia leo naomba mtu asinitumie tena ukurasa wa "utajiri wa fulani" akitaka niuthibitishe. Kazi yangu ni kujaza fomu za kodi, na baadhi ya wateja wangu ni wachezaji wa ligi za chini, kwa hiyo wimbo huu naujua: mtu kaona mkataba, kajumlisha, kampata tajiri. Safari hii ni zamu ya Rick DiPietro, kipa mstaafu wa hoki ya barafu. "Dola milioni 67.5, na hata hakucheza!" Haya, tuhesabu.

Septemba 2006 klabu ya New York Islanders ilimpa mkataba wa miaka 15, milioni 4.5 kila mwaka. Misimu miwili ya mwanzo alidaka mechi 62 na 63. Kisha yakaja majeraha, na misimu mitano iliyofuata mechi zake zote kwa jumla ni 50. Mshahara haukusimama, maana mkataba wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, haufi kwa sababu mtu kaumia. Hapo wanaopiga kelele wana haki yao. Ila 2013 klabu iliuvunja ule mkataba, na hapo ndipo wasomaji wangu hupotea njia.

Mkataba ukivunjwa NHL hupewi chako chote kwa mkupuo ukaenda zako. Mchezaji aliyetimiza miaka 26 hulipwa theluthi mbili tu ya mshahara uliobaki, tena kwa awamu, katika muda ulio mara mbili ya ule uliobaki. DiPietro alikuwa amebakiza miaka 8, yaani milioni 36. Theluthi mbili yake ni 24. Gawa kwa miaka 16: milioni 1.5 kwa mwaka, hadi 2029. Milioni 12 zimeyeyuka hapo hapo, na mtu wa kodi hajabisha hodi.

Na hiyo 24 yenyewe si 24! Dola utakayopewa 2029 haina uzito wa dola uliyo nayo mkononi 2013. Nikitumia riba ya asilimia 4, awamu zote 16 zilikuwa na thamani ya takriban milioni 17.5 siku mkataba ulipovunjwa. Kwa nini 4? Sina jibu la kujivunia. Weka 3 inapanda hadi karibu 19, weka 6 inashuka hadi 15 na ushee. Sisi wahasibu huzitamka riba hizi kwa sauti nzito, lakini ni makisio yaliyovaa tai. Na kuna jambo jingine linalonisumbua: kwa kijana mwenye mkono wazi na ndugu wengi, huenda kulipwa kidogo kidogo ni heri kuliko kupewa furushi zima. Fomu zangu hazina mahali pa kuandika hilo.

Makato nitayapitia haraka. Wakala ana fungu lake. Chama cha wachezaji kina ada yake. Kodi hukatwa jimbo kwa jimbo, kwa siku alizofanya kazi humo. Tennessee hadi 2014 ilimtoza kila mchezaji dola 2,500 kwa mechi, mwisho mechi tatu kwa mwaka. Chukua aliyekuwa kwenye kima cha chini cha mshahara wa NHL msimu wa 2013–14: dola 550,000 kwa mechi 82, yaani kama 6,700 kwa mechi. Akicheza Nashville, mji wa jimbo hilo, usiku mmoja, zaidi ya theluthi ya ujira wa usiku huo imekwenda, na kodi ya serikali ya shirikisho bado inamsubiri.

Halafu lipo fungu linalozuiliwa. Tangu 2013 wachezaji na wamiliki wa klabu hugawana mapato ya ligi nusu kwa nusu, kwa hiyo sehemu ya kila mshahara hushikiliwa, na wachezaji wakiwa wamezidisha nusu yao, wamiliki huichukua. Msimu wa 2020–21 ilishikiliwa asilimia 20. Nionyesheni ukurasa mmoja wa utajiri unaolitaja.

Mwingine atanitajia Vincent Lecavalier, mchezaji mwingine wa NHL, na huyo kweli anavuruga hesabu zenu. Klabu yake, Tampa Bay, ilivunja mkataba wake 2013 pia, kwa milioni 32.67 za kulipwa katika miaka 14. Papo hapo klabu ya Philadelphia ikampa mkataba mpya wa miaka 5, milioni 22.5. Kwa hiyo alikuwa akilipwa na klabu mbili kwa wakati mmoja, na ni halali kabisa. Lakini msijumlishe bado: alistaafu 2016, mkataba wa pili ukiwa na misimu miwili mbele. Anayestaafu kwa hiari husamehe mshahara uliobaki, kwa hiyo misimu hiyo hakulipwa. Awamu za Tampa Bay hazikuguswa, kwa kuwa deni la mkataba uliovunjwa halimtaki mtu avae viatu vya barafu.