Tuni ya "Amazing Grace" haikutungwa na aliyeandika maneno yake

Katika makundi ya WhatsApp ya wanakwaya hapa Uganda hurudi kila mara ujumbe usemao kwamba mwandishi wa wimbo wa Kikristo "Amazing Grace", nahodha wa zamani wa meli za watumwa, alijifunza tuni yake kwa Waafrika waliofungwa minyororo melini. Simulizi hilo linagusa moyo, nami naelewa kwa nini tungetamani liwe kweli, lakini tarehe hazilikubali. Mwandishi huyo aliacha ubaharia mwaka 1754. Maneno yake yalisomwa kanisani Uingereza Januari 1773, yakachapishwa mwaka 1779 bila tuni yoyote, na tuni tuijuayo leo, "New Britain", iliunganishwa nayo Marekani mwaka 1835, yeye akiwa ameshafariki.

Vitabu vyetu vingi vya nyimbo huchapa maneno pekee, ndiyo maana tuni na maneno huonekana kama vilizaliwa pamoja. Fungua kitabu chenye nota: kwa kawaida mwandishi wa maneno na mtunzi wa tuni hutajwa mbalimbali, pamoja na hesabu ya silabi za kila mstari wa ubeti, kwa wimbo huu 8.6.8.6, hivyo maneno hayo huimbika kwa tuni nyingine yoyote ya kipimo hicho. Tafadhali usiusambaze tena ujumbe huo. Aliyekutumia mpelekee tarehe hizi kwa upole.