Miaka 7 sio mwisho wa mtoto kukaa na mama

Hakuna sheria Tanzania inayosema mtoto akifikisha miaka 7 basi anahamia kwa baba, haipo. Nalisema mapema kwa sababu mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Kigoma na kwenye kesi za watoto wa wazazi wanaoachana hili ndo jambo nalolisikia kuliko yote, kuanzia Ujiji mpaka Mwandiga, baba anaingia ofisini na cheti cha kuzaliwa mkononi ananiambia mama naomba barua, mtoto katimiza saba juzi nataka nikamchukue. Na mama wa mtoto nae mara nyingi anaamini hivohivo, kaambiwa na mawifi, kaambiwa na majirani, anakaa anahesabu miezi na roho iko juu, wengine wanaanza hata kumfungasha mtoto nguo kabla hajaja mtu yeyote kumdai. Inaniuma sana hii.

Hiyo saba imetoka kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125. Kinasema mtoto wa chini ya miaka 7 mahakama ianze kwa kuamini kwamba ni heri akae na mama yake, mpaka utokee ushahidi wa kuonyesha vingine. Basi, hakuna zaidi. Akishavuka umri huo mama anapoteza ule upendeleo wa kuanzia, na baba hapewi upendeleo wowote mpya, kinachopimwa mbele ya hakimu ni maslahi ya mtoto, ambayo yalikuwa yanapimwa toka mwanzo. Tena hata chini ya saba mama asijiamini kupita kiasi, maana kifungu hichohicho kinamtaka hakimu aangalie ubaya wa kumhamisha mtoto huku na huku, kwa hiyo kama mtoto toka ana mwaka mmoja analelewa kwa baba na bibi yake na ametulia, kuja kusema tu yuko chini ya saba haitoshi.

Ndugu zangu wa Ujiji huniambia lakini dini imesema saba. Kwa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambao huku ni wengi, mtoto akifika umri wa kupambanua, kwenye miaka saba hivi, anachaguzwa kati ya baba na mama, anaulizwa yeye, kamuulize shehe wako atakwambia. Wengine wanakuja na hoja ya mahari, nilitoa mahari kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wangu. Sawa, mila sheria inazitambua, na hakimu anatakiwa azitazame pamoja na matakwa ya wazazi, ila vyote hivyo vinakuja baada ya maslahi ya mtoto. Mtoto atabaki wa ukoo wako na ataitwa jina lako hata akilala kwa mama yake, hakuna anayekunyang'anya hilo.

Njia yenyewe ya kesi nitaipitia haraka. Mnaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au kwa Waislamu la BAKWATA, wakishindwa kuwapatanisha wanatoa hati, na hati hiyo isizidi miezi 6 kabla hujafungua shauri. Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza ndoa ya aina yoyote, iwe ya kimila, ya msikitini, ya kanisani au ya serikali, na humo suala la watoto linaamuliwa pamoja na talaka na mgawanyo wa mali. Hakimu akitaka kujua hali halisi ya nyumbani ndo anatuagiza sisi.

Hapo watu wanapata hofu wanadhani nakuja kukagua bati na sofa. Jamani, naangalia mtoto analala wapi na nani, daftari lake la shule nani huwa analifungua, kadi ya kliniki iko kwa nani na imeandikwa mpaka lini, mwalimu wa darasa anamjua mzazi yupi kwa sura. Nimeshaingia nyumba nzuri ya vigae baba hajui mtoto yuko mkondo gani, na nimeshaingia chumba kimoja cha kupanga Gungu ambako kila kitu cha mtoto kina mahali pake na mtoto mwenyewe anajua pa kukichukulia.

Mtoto nikikaa nae simuulizi unampenda nani, swali hilo ni la kumtesa. Namuuliza jana usiku mlikula nini, nani alipika, ukiumwa tumbo usiku unamwamsha nani, viatu vya shule vikichanika unamwambia nani. Majibu ya hayo mtoto hajafundishwa, kwa sababu hakuna mtu mzima anayekumbuka kumfundisha. Ila akiwa darasa la pili anakwambia mama hana kipato cha kukidhi mahitaji yangu, najua kabisa kuna mtu alikaa nae jana jioni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema maoni ya mtoto yazingatiwe kama ameyatoa kwa uhuru wake, kwa hiyo mzazi ukimkaririsha unajiharibia mwenyewe, na mbaya zaidi unambebesha mtoto kazi ya kumshtaki mzazi wake mwingine.

Kuna shauri moja napenda kulitolea mfano maana limekaa kikwetu kabisa. Baba mvuvi wa dagaa, mama anauza dagaa kule mwaloni Kibirizi, mtoto wa kiume miaka minane, baba anamtaka moja kwa moja. Hakuwa baba mbaya, mtoto akimuona anamkimbilia. Lakini dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, unatoka jioni unarudi asubuhi, sasa mtoto usiku angebaki na nani? Baba alikaa kimya muda mrefu. Baadae mama mwenyewe ndo akasema, si mbalamwezi ikiwaka haendi ziwani, basi siku hizo mtoto aende kwake. Wakakubaliana hivo, giza mtoto yuko kwa mama, mbalamwezi yuko kwa baba na baba ndo anampeleka shule asubuhi, hakimu akaliandika kwenye amri. Mpangilio kama ule hauwezi kuukuta kwenye kitabu chochote, umetoka kwa wazazi wanaojua maisha yao, na hizo ndo amri zinazodumu.

Kuhusu kugawana, wa kiume kwa baba wa kike kwa mama, naomba tuache. Sheria ya Mtoto inataka ndugu wasitenganishwe ikiwezekana, ingawa hakimu anamwangalia kila mtoto peke yake na anaweza kuamua tofauti pakiwa na sababu ya msingi. Watoto ambao wameshapoteza nyumba yao wakipotezana na wenyewe inakuwa mzigo mara mbili.

Sasa la kunyakua. Mtu anaenda shuleni saa nne mapumziko anambeba mtoto kwenye bodaboda, na huku kwetu mpaka uko karibu, Manyovu hapo unaingia Burundi, na boti za kwenda Kongo zipo, mtoto anaweza kuwa Kalemie kabla mwenzio hajapata taarifa. Kama kuna amri ya malezi, kumtoa mtoto kwa aliyepewa ni kosa kisheria. Na kama unahisi mwenzio anapanga kumvusha usisubiri, omba mahakama itoe zuio la mtoto kutolewa nchini, linaruhusiwa kabisa. Hata pale ambapo amri bado haijatoka, ukinyakua jua hakimu atalisikia, na atajiuliza huyu akipewa mtoto atamruhusu mwenzie amuone kweli?

Hela nayo. Baba una wajibu wa kumtunza mtoto hata kama halali kwako, sheria haikupi nafasi ya kusema sikai nae sitoi. Na wewe mama, baba akichelewesha matunzo usimfungie mtoto ndani asimuone, mdai mahakamani, maana mtoto ana haki yake ya kumtembelea mzazi mwingine bila kuvuruga masomo, haki hiyo ni ya mtoto, huwezi kuikata kwa deni la baba yake.

Na amri ikitoka sio ya milele, mambo yakibadilika, umeacha ziwa umepata kazi ya mchana, mama kahama mkoa, mtoto kakua anataka kingine, unarudi mahakama ileile kuomba ibadilishwe. Usipokuwa na hela ya wakili nenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata yako au njoo ofisi ya ustawi hapo halmashauri, kutuona ni bure, njoo na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na ripoti ya shule, na mtoto mwache shule siku hiyo.