Maneno ya Kiingereza Yanayokaribiana: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kazi ya kupitia tafsiri za watu wengine imenionyesha kwamba makosa mengi ya Kiingereza tunayoyafanya sisi wasemaji wa Kiswahili hayatokani na uchache wa msamiati. Mtu anaweza kuwa na maelfu ya maneno kichwani na bado akakwama kwenye mawili tu yanayokaribiana, kwa sababu alikariri kila moja pamoja na neno moja la Kiswahili kando yake, kisha akaamini kwamba kazi imekwisha. Dhana zifuatazo ndizo ninazokutana nazo mara nyingi zaidi, na baadhi yake niliwahi kuziamini mwenyewe.

Dhana: Maneno mawili ya Kiingereza yakitafsiriwa kwa neno moja la Kiswahili, basi yana maana moja.

Nadhani hii ndiyo mama wa dhana nyingine. Chukua kitenzi 'azima'. Mtu husema "nimeazima kalamu kwa jirani" na pia husema "niazime kalamu yako", wala hakuna anayechanganyikiwa, maana sentensi yenyewe inaonyesha kalamu inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Kiingereza kimeigawa safari hiyo ya kalamu kwa vitenzi viwili: anayepokea hutumia 'borrow' na anayetoa hutumia 'lend'. Hapo ndipo inapozaliwa ile sentensi ya madarasani isiyozeeka, 'borrow me your pen', ambayo mzungumzaji wake hajakosea kufikiri. Amefikiri sawasawa, ila kwa Kiswahili.

Mtu asije akadhani kwamba Kiingereza kila mara hutofautisha na Kiswahili kila mara huchanganya. Kwenye nyumba za kupanga mambo ni kinyume kabisa. Sisi tuna 'panga' kwa anayeingia na 'pangisha' kwa mwenye nyumba, ilhali kitenzi 'rent' huwahudumia wote wawili bila kubagua, kiasi kwamba sentensi 'he rents a house' ikisimama peke yake haikuambii kama bwana huyo hulipa kodi au hulipwa.

Viungo vya mwili navyo huleta taabu yake. 'Mkono' wetu huanzia begani na kwenda hadi ncha za vidole, lakini 'arm' huishia kwenye kifundo, na kutoka hapo hadi vidoleni ni 'hand'. 'Mguu' hugawanyika vivyo hivyo kuwa 'leg' na 'foot', na 'kidole' huwa 'finger' kikiwa cha mkono na 'toe' kikiwa cha mguu. Mgonjwa anayempigia daktari simu na kusema 'I broke my hand', ilhali mfupa uliovunjika uko karibu na kiwiko, humwacha daktari akiwaza mifupa midogo ya kiganja.

Kitenzi 'sikia' kina mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi na tunasikia usingizi, na hata mtoto asiyetii huambiwa kwamba hasikii. Katika orodha yote hiyo 'hear' inashughulika na sauti peke yake. Harufu ina 'smell', na baridi huachiwa 'feel'. Kwa upande mwingine, tofauti ya 'hear' na 'listen' haitusumbui hata kidogo, kwa sababu tunayo tayari katika 'sikia' na 'sikiliza': la kwanza humtokea mtu, la pili hulifanya kwa kukusudia.

Kuna jozi moja ambamo Kiswahili huweza kumsaidia hata mzawa wa Kiingereza. Wengi wao hutumia 'jealous' kwa kila kitu, ilhali kwa waandishi makini 'jealousy' ni hofu ya kunyang'anywa ulicho nacho, hasa mpenzi, na 'envy' ni uchungu wa kuona mwenzako ana usichokuwa nacho. Sisi kwa la kwanza tuna 'wivu' na kwa la pili tuna 'husuda' au 'kijicho', ingawa 'wivu' nao siku hizi umeanza kutanuka. Ajabu ni kwamba 'envy' ilitoka kwenye Kilatini 'invidia', na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kumtazama mtu kwa ubaya. Waroma na Waswahili, bila kushauriana, waliiweka hisia hiyo machoni.

Dhana: Kiambishi 'in-' mwanzoni mwa neno hukanusha.

Mara nyingi ndivyo ilivyo, na kwa hiyo ndiyo maana kinatega. Neno 'inflammable' lina maana ileile ya 'flammable', yaani kinachoshika moto kwa urahisi. Lilitokana na kitenzi cha Kilatini 'inflammare', kuwasha moto, ambamo 'in-' haikanushi chochote bali huonyesha kuingia katika hali fulani. Niliwahi kuletewa tafsiri ya karatasi ya tahadhari za kimiminika cha kusafishia brashi za rangi, ambamo mtafsiri, kijana makini ambaye kazi zake kwa kawaida huzirudisha bila alama, aliandika kwamba kimiminika hicho "hakishiki moto". Mstari uliofuata ulimtaka mtumiaji akiweke mbali na jiko. Mistari hiyo miwili kupingana ndiko kulikotushtua. Lau ule wa pili usingekuwapo, huenda karatasi ingechapishwa hivyo hivyo. Wenye lugha nao walikuwa wakikosea, na katika karne ya 20 wataalamu wa kinga ya moto nchini Marekani walihimiza kwamba vibandiko viandikwe 'flammable' badala ya neno lile la zamani. Kisichoshika moto ni 'nonflammable'.

Ipo pia 'in-' inayokanusha kweli, lakini matokeo yake si yale tunayoyatarajia. 'Invaluable' ni kitu ambacho thamani yake haikadiriki, wala si kitu kisicho na thamani, ambacho huitwa 'worthless'. 'Priceless', ambayo kwa sura yake ingefaa kumaanisha kitu cha bure, imesimama upande wa 'invaluable'. Na mtu aliye 'infamous' anajulikana sana, tena kwa mabaya.

Dhana: Maneno yanayofanana kwa sura ni ndugu wa damu.

Karibu kila mtu ninayemuuliza huniambia kwamba 'female' limeundwa kutokana na 'male' kwa kuongezewa kitu mbele, na wapo waliojenga juu ya hilo hoja nzima kuhusu nafasi ya mwanamke. Maneno haya mawili hayakutoka tumbo moja. 'Male' lilipitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini 'masculus', na 'female' lilitoka kwenye 'femella', kidogoshi (umbo la kuonyesha udogo) cha neno la Kilatini la mwanamke. Kwa Kifaransa lilikuwa 'femelle', nalo liliingia Kiingereza likiwa na umbo la karibu na hilo, hadi katika karne ya 14 watu walipolipinda mkia ili lifanane na mwenzake.

'Island' na 'isle' ni kisa cha namna hiyohiyo. Yote mawili ni kisiwa, ila 'island' ni neno la Kiingereza cha kale ambalo halikuwa na 's' hata kidogo, na 'isle' linatokana na Kilatini 'insula'. Wasomi walidhani ni ndugu, wakalipachika la kwanza herufi isiyo yake, na mpaka leo wanafunzi wanaikariri herufi ambayo haitamkwi wala haina haki ya kuwapo.

Udugu wa kweli mara nyingine umejificha. 'Shirt', yaani shati, na 'skirt', yaani sketi, yalikuwa neno moja la vazi fupi. Moja limebaki katika Kiingereza chenyewe na jingine likaletwa na watu wa Skandinavia, kila moja likajipatia nusu yake ya mwili. 'Short' ni wa ukoo huohuo.

Dhana: Maneno yenye maana sawa yanaweza kubadilishana nafasi.

Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yaliingia kwa wingi, na baadaye wasomi wakaongeza ya Kilatini moja kwa moja. Ndiyo sababu jambo moja huwa na maneno matatu yaliyopangwa kama ngazi, kwa mfano 'ask', 'question' na 'interrogate'. Mtoto humwuliza mama yake kwa 'ask'. Mwandishi wa habari akimbana waziri kwa maswali mfululizo, hiyo ni 'question'. Na chumba chenye mtuhumiwa na maofisa wawili ni cha 'interrogate'. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa, kwa kuwa 'uliza' ni la Kibantu na 'saili' limetoka Kiarabu, na hakuna anayemsaili mpita njia saa ngapi.

Katika mada hii hii kuna hadithi inayopendwa mno, kwamba wafugaji wa Kiingereza walimwita ng'ombe 'cow' shambani, na mabwana wa Kinormani wakaiita nyama yake 'beef' mezani, na mpaka huo umekuwapo tangu siku ya kwanza. Aliyeieneza zaidi ni Walter Scott katika riwaya yake 'Ivanhoe', iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1819. Asili ya maneno ni hiyo kweli, lakini mpaka wenyewe ulichukua karne nyingi kukaa sawa: Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado inatumia 'beeves', wingi wa 'beef', kwa ng'ombe walio hai.

Dhana: 'Affect' ni kitenzi na 'effect' ni nomino, basi.

Hiyo ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayopatikana kwenye mikataba. 'To affect a change' ni kuyaathiri mabadiliko yaliyopo. 'To effect a change' ni kuyaleta yasiyokuwapo. Wanasaikolojia nao wana 'affect' ambayo ni nomino, yaani hisia jinsi inavyojionyesha kwa mtu. Wanaotafuta kanuni ya '-ic' na '-ical' hawatafanikiwa pia: 'economic' huhusu uchumi na 'economical' ni asiyefuja, 'historic' ni la kukumbukwa katika historia na 'historical' ni lolote linalohusu historia, lakini kila jozi imekwenda njia yake na hakuna mkato.

Dhana: Tofauti zinazofundishwa shuleni ni sheria za kale ambazo watu wa leo wanazivunja.

Kanuni ya 'less' na 'fewer' hufundishwa kana kwamba iliandikwa kwenye mawe: 'fewer' kwa vinavyohesabika, 'less' kwa visivyohesabika. Maandishi ya karne ya 9 yanayohusishwa na Alfred, mfalme wa Waingereza wa kale, yanatumia 'less' kwa maneno, ambayo bila shaka huhesabika. Kanuni yenyewe inafuatiliwa hadi kwa Robert Baker, mwandishi wa kitabu kuhusu matumizi ya Kiingereza, aliyeandika mwaka 1770 kwamba 'less' ndiyo iliyozoeleka zaidi penye hesabu, ila yeye angeona 'fewer' inafaa zaidi. Maoni ya mtu mmoja kuhusu umaridadi yakapanda cheo kuwa sheria. Sisemi wanafunzi waipuuze, kwa sababu msahihishaji wa mtihani ataitafuta; lakini hata waandishi makini husema 'less than five years' na 'less than ten miles', wakichukulia muda na umbali kuwa kiasi na si hesabu.

'Disinterested' na 'uninterested' zimepindukia zaidi. Leo tunaambiwa kwamba ya kwanza ni asiye na maslahi binafsi katika jambo, na ya pili ni asiyevutiwa nalo, na anayezichanganya huonekana hakusoma. Katika karne ya 17 'disinterested' ilitumiwa kwa asiyevutiwa na 'uninterested' kwa asiye na upendeleo. Zilibadilishana viti baadaye, na sasa wasemaji wengi wanairudisha ya kwanza ilikotoka. Kwa hiyo hati ya mahakama inapomtaja msuluhishi kuwa 'disinterested', naandika "asiye na maslahi" bila kusita, lakini neno hilohilo likitokea katika makala kuhusu vijana na siasa, husoma kwanza aya nzima kabla ya kushika kalamu.