Wekundu wa Choya Si Damu: Maswali na Majibu

Mbukwenyi! Mvua zikishakatika hapa Dodoma, choya, vile vikombe vyekundu vya mmea tunavyotengenezea juisi, huanza kuingia mjini kutoka vijijini. Pita Soko la Majengo utaiona imerundikwa kwenye visado, nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi, na muuzaji atakwambia inatibu kila kitu. Mimi hutoa elimu ya afya kwa vikundi vya kinamama, na kila msimu maswali kuhusu choya hunifikia kuliko ya chakula kingine chochote. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudiwa sana.

Choya ni ua gani hasa? Naweza kutumia yale maua mekundu ya uani kwangu?

Usibadilishe. Yale ya uani ni ndugu wa choya, lakini si mmea uleule. Bamia nayo imo katika ukoo huo. Ua la choya lenyewe ni la manjano iliyopauka, lina doa jekundu katikati, huchanua siku moja tu likanyauka. Tunachochuma na kukausha si ua. Ni kile kikombe kinene chekundu kinachobaki kimezunguka tumba la mbegu. Wengine huiita rozela. Wamisri na Wasudani huinywa kwa jina la karkadee, na Wasenegali huiita bissap.

Dada, mdogo wangu ni mjamzito na kliniki wamesema damu imepungua. Jirani amemwambia anywe choya jagi zima kila siku, damu itapanda. Ni kweli?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Wekundu wa choya unatokana na rangi za mimea ziitwazo anthosianini, zilezile zinazoipa zabibu nyeusi rangi yake. Wekundu wa damu unatokana na hemoglobini, ambayo mwili huitengeneza kwa madini ya chuma. Ni wekundu wa aina mbili usiojuana. Choya ina chuma kidogo, ni kweli, lakini chuma cha mimea hakifyonzwi kirahisi kama cha nyama au maini, na ndani ya choya yenyewe mna viambata vinavyoweza kukishika chuma kisifyonzwe vizuri.

Miaka kadhaa nyuma nilikutana na mama mwenye mimba ya miezi saba. Alikuwa akinywa choya asubuhi na jioni, na vidonge alivyopewa kliniki ameviweka kabatini kwa sababu vilikuwa vinamtia kichefuchefu. Nilimvuta kope la chini kidogo nikaangalia: ndani palikuwa peupe kama karatasi. Alikuwa ametimiza kila alichoelekezwa na majirani, kwa bidii na kwa upendo wa mtoto wake. Sikumlaumu hata kidogo. Siku hiyohiyo tulimsindikiza kituoni.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako hivi. Kwa mjamzito, hemoglobini iliyo chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa upungufu wa damu, na upungufu huo una chanzo chake: malaria, minyoo, kichocho, selimundu, au chakula chenye chuma kidogo. Chanzo kitafutwe kituoni. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi avimeze. Vikimtibua tumbo, avimeze pamoja na chakula au usiku kabla ya kulala, na amwambie muuguzi badala ya kuviacha kimyakimya. Ale dagaa, maini kidogo wiki moja moja, maharage na mboga za majani zilizokamuliwa ndimu. Chai ya majani isubiri saa moja au mbili baada ya chakula, maana nayo hukizuia chuma.

Na choya? Usalama wake kwa wajawazito haujathibitishwa. Mimi humshauri mjamzito asiifanye dawa, na kama ana hamu nayo amuulize kwanza mkunga wake wa kliniki.

Baba yangu ana presha. Choya inashusha au watu wanasema tu?

Hapa kuna ukweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliwachukua watu wazima 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kiasi na hawakuwa kwenye dawa. Waliokunywa vikombe vitatu vya choya kwa siku kwa muda wa wiki 6 walishuka namba ya juu kwa wastani wa 7 hivi, na wale waliopewa kinywaji cha kulinganishia kisicho na choya walishuka 1 tu.

Sasa pima mwenyewe. Mzee mwenye 170 akishuka 7 amefika 163, na 163 bado ni presha inayoweza kuleta kiharusi. Presha haiumi, kwa hiyo mtu anajisikia vizuri, anaacha vidonge, anabaki na jagi. Tafadhali baba asiache dawa. Na akitaka kunywa choya pamoja na dawa, amwambie daktari wake kabla, kwa kuwa vikiungana vinaweza kuishusha presha mno akapata kizunguzungu anaposimama. Kikombe kinatosha kijiko kimoja cha chai cha choya iliyokaushwa, bila sukari.

Naichemshia kwenye sufuria ya kawaida. Kuna tatizo?

Lipo, na wengi hawalijui. Choya ni chachu sana, inakaribiana na ndimu. Chakula kichachu kikichemka au kikilala kwenye sufuria ya alumini hukwangua alumini ya sufuria ikaingia kwenye kinywaji. Umewahi kuona sufuria iliyokuwa imefifia inang'aa ndani baada ya kuchemshia choya? Ule uchafu haukupotea, umeunywa. Chemsha maji matupu, weka choya kwenye jagi la kioo au la udongo, mimina maji juu yake, funika dakika 5 hadi 10, chuja. Haihitaji kutokota nusu saa.

Watoto wanaipenda juisi yake. Niwape?

Aliye chini ya miezi 6 asipewe chochote zaidi ya maziwa ya mama. Wakubwa wanaweza kunywa, ila angalia sukari. Kwa sababu ya uchachu, tunaitia sukari bila kuona. Ukiweka kilo moja kwenye lita 5, kila glasi ya mililita 250 inabeba gramu 50, yaani vijiko vya chai zaidi ya kumi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe kiasi hicho kwa siku nzima, na ni bora zaidi akibaki kwenye gramu 25. Punguza kidogokidogo kila wiki, ongeza tangawizi, mdalasini au vipande vya nanasi, ulimi utazoea. Baada ya kunywa wasukutue kwa maji, maana uchachu hulainisha meno. Mswaki usubiri nusu saa.

Nina vidonda vya tumbo.

Usinywe tumbo likiwa tupu, na ikikuchoma iache.

Zaidi ya juisi na mvinyo, jikoni inafaa nini?

Inafaa popote unapotia ukwaju au ndimu. Loweka kiganja kimoja kwenye maji ya moto, kisha tia maji yake kwenye mchuzi wa samaki au wa maharage dakika za mwisho. Mimi hupenda kuikatakata ikishalainika na kuikaanga na kitunguu, nyanya na pilipili mbuzi, ikawa kachumbari nzito ya kulia ugali wa mtama. Jemu yake huganda vizuri bila kuongezewa kitu, kwani ina pektini, kiambata kinachogandisha jemu, yake yenyewe.

Niikaushe vipi isiharibike?

Toa tumba la mbegu, osha, chuja maji, tandaza kwenye kichanja kilichoinuka, kivulini penye upepo, ufunike na chandarua safi. Usiianike chini kwenye vumbi wala kando ya barabara. Kilo 8 hadi 10 mbichi zitakuachia kama kilo moja. Imekauka pale kipande kinapovunjika badala ya kukunjika. Ihifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana, si kwenye mfuko wa plastiki wenye jasho ndani.

Ukiona utando mweupe au wa kijani, au ukisikia harufu ya uvundo, usiioshe ukaitumia. Sisi wa kanda ya kati tunakumbuka mwaka 2016, sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, ya kwenye mahindi ilipowapata watu 68 Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Choya iliyoota ukungu ifukie shimoni, na usiwape kuku wala mbuzi.